Kobe wawili wanakua, mmoja amegoma, na mume anataka tuwaachie wote msituni

Shikamoo Anti,

Mi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Greensboro, North Carolina, na mume wangu, kwetu Morogoro. Jina langu usilitoe tafadhali. Najua watu wanakuletea ya ndoa na ya wakwe na mimi nakuletea ya kobe, ila nisome mpaka mwisho maana haya ya kobe yameshaingia mpaka ndani ya ndoa.

Huku kuna kobe wa porini wanaitwa kobe boksi, wadogo tu, gamba la juu limeinuka lina michoro ya njano na rangi ya chungwa na la chini lina bawaba, akiogopa anajifungia kabisa hata ncha ya pua huioni. Jike mmoja huwa anapita nyuma ya nyumba yetu kila kiangazi mvua ikishanyesha. Mwaka huu mwezi wa sita alikuja jioni akachimba kwenye maua akataga, na palepale ndo mafundi walikuwa wanakuja kufukua bomba la maji taka. Mume wangu ndo aliyeyatoa yale mayai, yalikuwa matano, akayawekea alama ya penseli kwa juu ili yasigeuke, akayapanga kwenye kontena lenye udongo unyevu tukaweka kabatini.

Mwisho wa mwezi wa nane wakaanza kutoka. Yai moja lilikuwa bovu. Wa kwanza mwanangu akamwita Chuma, wa pili Pili, wa tatu Bahati, na wa mwisho alichelewa sana, akatoka kiini cha yai bado kinaning'inia tumboni, huyo alikufa hajala kitu chochote. Mwanangu alilia nikadhani ndo imeisha.

Sasa Anti, hawa watatu wanaishi boksi moja, lile la plastiki linaloonyesha ndani, nimewawekea udongo wa maua wa dukani, taa ya joto, kisahani cha maji, na nimeliweka dirishani wapate jua. Chakula ni kilekile, letasi, stroberi, vile vidonge vya chakula cha kobe, na nyungunyungu mwanangu akiwapata. Chuma ana gramu 19, Bahati 17, kwenye mzani wangu wa jikoni. Pili ana 9. Wamepishana siku chache tu kuzaliwa! Pili amelala muda wote, asubuhi macho yamefumba, anajichimbia pembeni chini ya gome la mti mpaka umtoe, nyungunyungu ukimpa peke yake anamng'ata kidogo halafu anaacha. Tumeshajaribu kumfungua mdomo kwa nguvu tumlishe, mume wangu akasema nisirudie tena hicho kitu.

Na hapo ndo tunapogombana. Yeye anasema porini huyu angekuwa ameshaliwa zamani, ni kumtesa tu, na kwamba kabla ya baridi kali kuanza atawachukua wote akawaachie kwenye msitu wa ile hifadhi karibu na kazini kwake, waende kwa Mungu wao. Dokta wa wanyama niliyempigia kaniambia kumwona tu ni zaidi ya dola mia, na mwezi huu tuna ada ya wadogo zangu ya kutuma nyumbani. Mi nafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee, nikirudi asubuhi kitu cha kwanza naenda kumwangalia Pili kama anapumua.

Halafu kuna mtoto. Ana miaka tisa, tumehamia mtaa huu mwaka jana, hakuwa na rafiki hata mmoja. Hawa kobe ndo wamemletea marafiki, kila akitoka shule watoto wa jirani wanakuja, hata yule mdogo wa miaka mitatu, wanawashika wanawapitisha mkono kwa mkono. Sasa ananiuliza kila siku kama Pili naye atakufa kama yule wa mwisho, na mi sina jibu. Baba yake anasema mtoto lazima ajifunze kwamba wengine hawaishi. Mi naona anakuwa hana huruma.

Anti, kwa nini hawa wawili wakue na huyu agome wakati kila kitu ni sawa? Na nifanyeje na hawa watu wangu wawili, mume na mtoto?

Mama wa Greensboro

*

Marahaba mwanangu,

Pole kwanza. Pole ya yule aliyekufa na pole ya kurudi asubuhi umechoka unaenda kuchungulia boksi kwa hofu. Mi nimekaa Missouri miaka mingi na nimelea watoto wa kobe boksi wa vidole vitatu, ndugu wa hao wako, kwa hiyo hilo boksi lako nalielewa, na hiyo hofu naielewa pia.

Nimekuelewa hivi: una kobe watatu wa tumbo moja, wawili wanaongezeka na mmoja amekwama, hujui sababu, hela haitoshi kila upande, mume anataka wote waondoke, mtoto ameshikilia, na wewe uko katikati unataka kumwokoa Pili bila kumwumiza mtu. Sitakuamulia. Ila kuna mambo kwenye barua yako umeyaandika kama yana uhakika na mi nataka tuyaguse kidogo.

Umesema kila kitu ni sawa kwao wote. Mwanangu, kuishi boksi moja hakuwafanyi wapate kitu kimoja. Watoto wakila sinia moja si unawajua, yupo anayemaliza nyama wakati mwenzie bado anapoza tonge. Chuma ni mzito mara mbili ya Pili, akisimama kwenye chakula Pili hasogei, na kobe hawapigi kelele wala hawang'atani kila mara mpaka ugundue, mdogo anajificha tu, na wewe unaona amelala. Mara nyingi kwenye kundi la vitoto ukimtoa mnyonge ukamweka peke yake, akawa na sahani yake na pa kujificha pake, ndo unaanza kuona anakula. Si wote, lakini ni wengi kiasi kwamba mimi ningeanzia hapo, maana gharama yake ni boksi lingine tu.

Halafu usawa wenyewe haukuanzia kwenye boksi. Mayai ya kobe boksi yana ganda laini, yanavuta maji kutoka kwenye udongo, na yai lililokaa upande mkavu wa kontena linaweza kutoa mtoto mdogo kuliko mwenzie wa upande wenye unyevu. Joto nalo lina kazi kubwa humo, ndo linaloamua hata kama atakuwa dume au jike, ubaridi kidogo unatoa madume, joto likizidi yanatoka majike. Kuna watoto wanaotoka wameshapungukiwa, kiini hakikunyonywa vizuri au kuna kiungo cha ndani hakikukamilika, na hao hata umpe nini haendi mbali. Yule wa mwisho aliyetoka na kiini nje inawezekana alikuwa kundi hilo. Porini nako hivyohivyo, jike anataga mayai machache kila mwaka kwa miongo mingi, maana hawa viumbe wanaweza kufika miaka hamsini na zaidi, na katika hayo yote wanaofika utu uzima ni wachache mno. Kwa hiyo mume wako kuhusu hilo hajasema uongo.

Ila kabla hujampanga Pili huko kwa wasioponyeka, liangalie boksi, maana kuna vitu humo vinaweza kumfanya mtoto mzima kabisa aonekane hivyohivyo. Namba moja kwangu ni maji. Mtoto wa kobe boksi porini haumwoni ovyo, anaishi chini ya majani yaliyooza na magogo, kwenye unyevu, ndiko anakojificha na ndiko anakokula. Wewe umemweka kwenye udongo mkavu juu yake kuna taa ya joto inakausha kutwa nzima. Kitoto cha gramu 9 kinakauka haraka sana, na kikishakauka hakina hamu ya kula, macho yanafumba na kuzama, kinalala. Watu wengi wanahangaika na chakula wakati mtoto ana kiu. Mwogeshe kwenye maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu, robo saa hivi kila siku, ukae hapohapo naye asije akazama, na udongo wake uwe unyevu ukiubana mkononi unashikana lakini hautoi maji, juu yake majani makavu mengi ya kujificha. Huo udongo wa maua wa dukani wenye mbolea na vile vijiwe vyeupe vyepesi uondoe, anaweza kuvimeza. Nunua kipima joto na kipima unyevu, uvipime pale chini anapolala, usipime ukutani. Upande wa joto uwe nyuzi 28 hivi, upande wa baridi 23 au 24, achague mwenyewe. Kama kote ni baridi chakula hakisagiki tumboni, kama kote ni joto anakimbilia udongoni asitoke tena, na umesema anajichimbia pembeni, sasa pembeni gani, ile iliyo mbali na taa? Hilo ni jambo la kuangalia leo.

Sasa jua la dirishani. Najua umeliweka pale kwa upendo, lakini kioo kinazuia ile miale ya UVB ambayo kobe anaihitaji kutengeneza vitamini D, na bila hiyo kalsiamu haiingii kwenye mifupa wala kwenye gamba. Kwa hiyo jua linaloingia linawapa mwanga na joto tu, na likiwa kali linaweza kulipikisha hilo boksi la plastiki. Inatakiwa taa ya UVB yenyewe, ya mrija, bila plastiki katikati. Na hapa ndo nataka nikuulize kitu ambacho hukuniuliza, hivi Chuma na Bahati unajuaje kwamba ni wazima? Uzito unapanda sawa, lakini kukua haraka bila kalsiamu na bila UVB ndo njia ya gamba kulainika. Watoto wakitoka kwenye yai gamba linakuwa laini kidogo, hiyo ni kawaida, ila kadiri wanavyokua linatakiwa lizidi kukaza. Wabonyeze taratibu sana kwa kidole. Kama gamba la mmoja wa hao wakubwa linabonyea zaidi kuliko ulivyolikuta mwezi uliopita, basi tatizo la nyumba yako si Pili peke yake, Pili ndo kaonyesha mapema tu.

Chakula nacho nikiseme. Letasi ni maji tupu, na kwa mtoto wa kobe boksi majani hayana mvuto, wadogo wanataka nyama inayotembea, nyungunyungu waliokatwakatwa, konokono wadogo, vile vidudu vya kijivu vinavyojikunja ukivigusa chini ya magogo, halafu juu yake nyunyiza unga wa kalsiamu. Matunda na uyoga watavipenda zaidi wakishakua. Kama macho yamevimba, siyo kufumba tu, kuna upungufu wa vitamini A wa kuufikiria, lakini usimpe dawa ya vitamini A kwa kukisia maana ikizidi inadhuru vibaya. Mapovu puani, kupumua mdomo wazi, au kichwa kulegea, hayo ni mapafu, hayo hayangoji mshahara. Na kumfungua mdomo kwa nguvu hapo niko na mume wako, mdomo wa ukubwa ule unachanika na chakula kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Kumlisha kwa lazima ni kazi ya dokta, na hata yeye hafanyi kabla hajahakikisha mtoto ana maji na joto la kutosha.

Tuje kwenye dokta basi. Hizo dola si mchezo, na wadogo zako nao wana haki yao. Sina jibu la kukwambia kobe kwanza au ada kwanza. Ninachokijua ni kwamba dokta wa kawaida wa mbwa na paka anaweza kukuchaji na asikusaidie, uliza kama anatibu reptilia kabla hujaweka apointimenti. Pale Raleigh kwenye chuo cha udaktari wa mifugo cha NC State wanafunzi wana timu ya kuokoa kobe, wao kazi yao ni kobe wa porini waliojeruhiwa au wagonjwa, si wa kufugwa, sasa wa kwako wametoka kwa mama wa porini, piga simu ueleze ukweli wote wakuambie. Piga pia kwa Tume ya Wanyamapori ya jimbo, maana kuna sheria za kumiliki kobe wa asili na kuna watu wenye kibali cha kulea wanyama wa porini, huenda mmoja yuko karibu nanyi. Risiki ya kupiga ni kwamba wanaweza kukwambia huruhusiwi kuendelea kukaa nao, ujiandae na hilo na umwandae mtoto. Mi bado naona ni bora kujua.

Msituni sasa. Mume wako anaona kuwaachia ni kuwarudisha kwao, na nia yake naiheshimu, ila kuna mambo matatu ningemwomba ayafikirie. Hao watoto wameishi kwenye joto na matumbo yana chakula, ukiwatupa kwenye baridi ya mwisho wa mwaka hawajapoa taratibu na hawajajichimbia kulala kipindi chote cha baridi kama wafanyavyo porini, wanaweza kufa hata wale wanene. Pili, yaani jambo la pili, kobe boksi si wa msitu wowote, anazaliwa eneo dogo na anaishi humohumo maisha yake yote, ukimhamisha mtu mzima anazunguka akitafuta kwao mpaka barabarani. Kwao ni hapo nyuma ya nyumba yenu na majirani, si hifadhi ya karibu na kazini. Na la mwisho ni magonjwa, aliyekaa ndani anaweza kuwapelekea wa porini virusi na bakteria ambao hawakuwa nao, na hao kobe wameshapungua kiasi kwamba wanahesabiwa katika wanyama walio hatarini. Kuna njia ya katikati, watu wanawaweka ndani kwa joto kipindi cha baridi kisha masika yakishakolea wanawaachia palepale walipotagwa, kwa ushauri wa Tume. Ubaya wake ni kwamba utakuwa na miezi mingine mingi ya kazi, ya bili za umeme, na ya mtoto kuzidi kuwapenda kabla ya kuagana. Na Pili kama bado ni mnyonge asilazwe baridi hata kidogo.

Kuhusu mume kutokuwa na huruma, hapo mwanangu nisamehe, sijakubaliana na wewe bado. Mwanaume aliyeokoa mayai kabla mafundi hawajafika, akayachorea penseli ili yasigeuke, huyo alijua anachofanya na alikuwa anajali kuliko wote. Mi najiuliza kama siku yule wa mwisho alipokufa na mtoto akalia, kuna mtu alimuuliza na yeye anajisikiaje. Inawezekana anachokimbia ni kumwona mwanae akilia mara ya pili, na anaona bora waondoke wote kwa siku moja kuliko kumsubiri Pili afe mbele ya mtoto. Nakisia tu, wewe ndo unayemjua. Ila ukimuuliza, muulize siku hujatoka kazini, mkiwa mmekaa, na usianze na Pili, anza na siku ile ya mayai.

Na mtoto. Hapa ndo pagumu kwangu kuliko kote, maana vitoto vya kobe vinachoka na kushikwa, kila mkono mkubwa unaovinyanyua kwao ni mnyama anayekuja kula, na Pili hana nguvu za kupoteza. Halafu kobe wanabeba bakteria wa Salmonella bila wao kuumwa, ndo maana tangu 1975 Marekani imekataza kuuza kobe wenye gamba lisilofika inchi nne, watoto walikuwa wanawatia mdomoni na kuugua, kwa hiyo yule jirani wa miaka mitatu mi ningependa asiwashike kabisa, na sahani zao zisioshwe kwenye sinki la jikoni. Hata huo mzani wako, wapimie kwenye kibakuli chao na uufute vizuri kabla hujapimia unga. Lakini ukimwambia kijana wako kuanzia leo hakuna kushika, umemnyang'anya kilichomletea marafiki. Labda kazi ibadilike, awe yeye na wenzie ndo watafuta nyungunyungu na vidudu chini ya magogo, yeye ndo mpima uzito mara moja kwa wiki na mwandishi wa daftari, wenzie waangalie kwa macho wakati wa kula. Wengine hawatarudi, watoto ndo walivyo. Wengine watarudi.

Akikuuliza kama Pili atakufa, usimwahidi. Mwambie hujui, mwambie mnabadilisha maji, joto na mahali pake, na mtaangalia mzani pamoja. Mtoto wa miaka tisa anaweza kubeba neno sijui, hasa likisemwa na mama na baba kwa mdomo mmoja. Asichoweza kubeba ni kumwona mama anachungulia boksi kila asubuhi kwa siri na baba anazungumzia msitu.

Ukiamua kwenda kwa dokta, nenda na picha za boksi, lile daftari la uzito, na kinyesi kibichi cha Pili kwenye kifuko ili aangalie minyoo, itakupunguzia safari ya pili. Nisalimie kijana na baba yake, na uniandikie huo mzani utasema nini ukishamtenga Pili.

Anti yako